Ufunguzi wa Maabara ya Kuvinyima Virusi Jiko

Kwa unyenyekevu mkubwa, natangaza rasmi mbele ya hadhara hii tukufu kwamba utepe umekatika. (Makofi.) Uligoma mara mbili, tukaazima mkasi wa jikoni, sasa umekatika.

Mheshimiwa Meya, mheshimiwa Meya mstaafu, ambaye ni baba wa Meya, mheshimiwa Meya mtarajiwa, ambaye bado ananyonya, Padre Anselmo, uliyeunyunyizia baraka mlango huu uliofungwa, wauguzi, wadau wa maendeleo, wagonjwa mliolazwa koridoni, na nguruwe wa kuchoma anayetusubiri pale: mimi, Diwani Wenceslao Dimaguiba, Mwenyekiti wa Kamati ya Afya, Masoko na Mapambo ya Sikukuu ya Fiesta, nawasalimu. (Makofi, hasa kwa nguruwe.)

Ndugu zangu, katika mpango mkakati jumuishi wa kukabiliana na homa ya dengi, ambao utekelezaji wake umefikia asilimia mia moja na nne kwa mujibu wa takwimu nilizokusanya mwenyewe nikinyolewa, tumeachana na mbinu za kizamani za kukifukuza kirusi, kwa maana kirusi hubadilika kuliko mgombea baada ya kura. Tena wataalamu wamenieleza, polepole na kwa kurudiarudia, maana biolojia ilinishinda tangu shuleni, kwamba kirusi hakina chombo hata kimoja. Kinaingia kwenye seli yako mikono mitupu, kinazitumia protini zako, kama mtu aingiaye jikoni kwako akapikia sufuria zako, akalisha ukoo wake mzima.

(Aling Pasing, muuza samaki: “Kama wewe, Diwani! Ulikuja mjini kwetu na mswaki tu!” Vicheko.)

Asante, Aling Pasing. Kwa hiyo dawa zetu hazitakigusa kirusi. Zitazifungia zile protini za mwenyeji, yaani wewe, kinazoziazima. Kibadilike kitakavyo, jiko kitalikuta limefungwa! (Makofi. Meya mtarajiwa analia.)

(Aling Pasing: “Na mwenyeji mwenyewe atapikia wapi?”)

Nami niliuliza hivyo hivyo! Nikajibiwa kwamba ndiyo kazi yenyewe: kutafuta protini ambayo mwili unaweza kuvumilia kuikosa kwa muda, na kirusi hakiwezi. Ukikosea, unamuumiza mgonjwa. Ndani ya maabara hii ya kisasa…

(Aling Pasing: “Ipi? Hiyo ni wodi ya dengi! Mwanangu Luningning mmemlaza kando ya choo, dripu imetundikwa kwenye msumari wa dirisha, na fizi zinamtoka damu tangu misa. Fungua, Diwani!”)

Tutafungua kwa awamu, mama.

(Umati: “Fungua!”)

Sayansi, hoyee! (Umati: “Fungua!”) Mwenyeji kwanza! (Umati: “Fungua!”) Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchapaji wa bango. Nawashukuru wagonjwa waliotupisha. Namshukuru mwenye karaoke, ambaye mashine yake… imo humo ndani.

Damu, umesema? Tangu misa?

Haya. Maabara haipo. Haijawahi kuwepo, hata kwenye karatasi. Tulianza na bango, kama tufanyavyo siku zote: sura ya Meya huku, yangu kule, na katikati pakabaki wazi. Mpwa wa Meya alikuwa amesoma mahali habari za hizo protini, akaona zitapapendezesha. Bango likaja pana kuliko tulivyodhani, na mlango pekee uliolitosha ni huu wa wodi. Ndiyo maana asubuhi tuliwatoa wagonjwa, tukisema moyoni kwamba nguruwe akiisha tutawarudisha. Mnaopiga picha, humo ndani mtapiga picha za viti vya kukodi. Wanaozitafuta dawa hizo kweli wapo, ila hapa kwetu hakuna hata mmoja wao, na sisi hatujawahi kuwaandikia.

Mheshimiwa Meya, nikodolee macho baadaye. Ufunguo huu hapa. Daktari akimbie, asitembee. Yatoeni nje hayo maspika. Aling Pasing, shika dripu uinue juu. Mimi nitambeba Luningning.