Mazishi ya Kapteni Furu

Inatangazwa kwa umma wote wa Musoma, Bunda na Butiama, walio ofisini na walio machungani, kwamba Ofisi ya Kanda ya Uratibu wa Ubunifu Mdogo imepiga hatua kubwa. Imetengeneza mwanasesere.

Msicheke kwanza. Huyu hakuwa wa kuchezea watoto. Alikuwa mfano rasmi wa Kapteni Furu, yule shujaa wa filamu iliyopigwa ufukweni Musoma, anayevaa joho jekundu na kupigana na mamba huku akihutubia. Watu waliipenda filamu hiyo mpaka wauza dagaa wakaanza kutembea vifua mbele. Ofisi ikaona haifai wananchi kupenda kitu ambacho hakijaratibiwa.

Kazi ikamwangukia Amos Burito, Msaidizi wa Mratibu, mtu ambaye shati lake lilinyooka siku zote na moyo wake ulikunjamana siku zote. Maagizo aliyapata kwa simu, kwa kuwa bosi wake, Mratibu Mkuu Gibson Maige, alikuwa safarini. Semina za nchi hii zilikuwa hazianzi bila yeye.

"Amos, huyo Kapteni apewe sura yangu."

"Sura yako, bosi?"

"Kwani kanda hii ina mashujaa wangapi? Na malighafi iwe ya asili, ile inayooza kwa kufuata sera ya mazingira. Tumieni shina la mgomba. Mzindue kwetu Buswahili, ndugu zangu waone nilipofika. Ukiharibu, nakuhamishia kijijini Bugwema."

Amos hakuwa na ugomvi na Bugwema, ndiko alikozaliwa. Lakini mke wake ana duka la vitenge Musoma mjini, na alishasema wazi kwamba uhamisho ukija, ataagana naye stendi. Kwa hiyo mwanasesere akiharibika, ndoa nayo imeharibika.

Akaenda Kabasa, Bunda, kwa Benedikta, fundi wa mapambo. Benedikta alimenya shina la mgomba mpaka akafika kwenye kiini cheupe, akalichonga kwa kisu cha viazi. Mikono ikawa ya waya, kichwa kikawa cha sifongo la godoro lililovikwa soksi ya kahawia. Nywele alishona kwa uzi wa sufu, na medali zikawa vizibo vya soda vilivyopondwa. Mwanya wa Mratibu Mkuu aliutengeneza kwa njiti mbili za kiberiti, na Amos alipouona akasimama wima bila kuambiwa.

Kwa sababu ya vumbi la njiani, Amos akamviringisha Kapteni kwenye shuka jeupe na kumlaza ndani ya boksi. Hapo ndipo utaratibu ulipokamilika kupita kiasi.

Maana kwao Gibson, kama kwao Amos, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, ndugu hukata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika kwa jina lake, na msiba ukaisha. Amos alilijua hilo tangu utoto. Lakini siku hiyo alikuwa amevaa tai, na mtu akivaa tai mambo mengi humtoka.

Buswahili walikusanyika. Mbele alikaa Bibi Matrida, shangazi yake Gibson. Amos akahutubia, akafungua boksi, akafunua shuka. Bibi akasogea, akamtazama Kapteni usoni, akambonyeza kifua.

"Hili si shina la mgomba?"

"Ndilo, mama. Malighafi rafiki kwa mazingira."

"Na Gibson mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo nje ya kituo cha kazi."

"Alikwenda wapi?"

"Taarifa ya mwisho tuliyonayo, alivuka ziwa kwenda Ukerewe kikazi."

"Simu yake?"

"Kwa sasa haipatikani, mama, lakini ofisi inafuatilia."

Shangazi akakaa chini polepole, akavua kitambaa cha kichwani. "Wamemleta," akawaambia wenzake. "Serikali ya siku hizi ina adabu. Wamemleta na joho lake."

Kilio kikapanda. Amos akarukia kipaza sauti akasema kwamba taarifa za kifo hicho bado hazijathibitishwa. Hapo hata waliokuwa na mashaka wakaanza kulia, maana nani asiyejua ofisi ikisema hivyo ina maana gani? Ng'ombe akachinjwa. Katekista akasali. Kapteni Furu akazikwa na medali zake zote, na Amos akatoa salamu za ofisi kaburini, kwa kuwa kwenye ratiba palikuwa na nafasi ya salamu za ofisi.

Makao makuu, ambayo hushindwa kumthibitisha mtu kazini mpaka ameota mvi, safari hii yalifanya kazi kama moto wa kifuu. Marehemu akafutwa kwenye mshahara na Amos akakaimishwa.

Basi Gibson akarudi, amenenepa kwa semina, akakuta mtu kwenye kiti chake.

"Utaniona, Amos," akasema. "Leo hii unalala Bugwema."

Agness wa utumishi akamtuliza. Kufufuka kunaruhusiwa, alieleza, ila lazima apatikane mtumishi aliyewahi kumwona akifanya kazi. Akaitwa Boniphace, mlinzi.

"Mi nilikuwaga naona koti lake kwenye kiti," Boniphace akasema. "Koti lilikuwaga linawahi sana."

Macho yakamgeukia Amos. Alimfikiria mke wake, akafikiria stendi. "Bosi, nikisema nilikuona nitakuwa nimeidanganya ofisi." Ulikuwa ukweli mtupu, na kwa kuwa hakuuzoea, ulimkwaruza koo.

Ikabaki njia moja, ndugu wa damu athibitishe. Wakapanda gari wote kwenda Buswahili. Njia nzima Amos alikuwa akipiga hesabu moja. Bibi akiitikia tu kwa kichwa, yeye hana cheo, hana mke.

Walimkuta shangazi akigeuza udaga, mihogo ya kukausha, kwenye mkeka. Alimtazama Gibson kwa muda mrefu na wala hakushtuka.

"Shangazi, ni mimi. Waambie niko hai."

"Baba yako alipougua tulikupigia, ukasema uko semina. Tukamzika, uko semina. Leo ndo umekuwa hai?"

"Shangazi, mshahara wangu umekatwa."

"Pole, baba. Lakini ng'ombe ameshaliwa. Ukoo wote umekula. Niwaambie wamtapike?"

Agness akafunika kalamu yake. Amos akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Musoma, na kwa mara ya kwanza akamwonea bosi wake huruma kidogo. Gibson alikuwa analia waziwazi.

"Shangazi, mtoto wenu ni mimi. Yule mliyemzika alikuwa mgomba."

"Najua alikuwa mgomba," bibi akasema, akainamia tena udaga wake. "Lakini yule alikuja hata bila kuitwa, akashinda na sisi kutwa nzima."