Utingo Wangu Kifaru

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Ya majaribio, lakini kazi ni kazi. Dereva wa lori. Mimi, ambaye wifi yangu husema siwezi hata kuegesha toroli!

Mwenye kampuni ni mama mmoja ambaye wote wanamwita Mama Magari. Sauti yake inaamsha mtaa. Tuko wawili kwenye majaribio, mimi na jamaa anayejipulizia marashi mpaka macho yanawasha. Nimembatiza Manukato. Lori jipya ni moja tu. Wiki ikiisha, mmoja wetu atakabidhiwa na mwingine atarudi kwao. Nimemwangalia Manukato, nikamwonea huruma mapema.

Nyumbani furaha ilidumu mpaka mlangoni. Wifi alinipa hongera kwa tabasamu pana, kisha akauliza, nikishasafiri, nani atawalea wanyama wangu. Si yeye. Nikamgeukia kaka yangu. Alikuwa amejificha nyuma ya gazeti. Gazeti lenyewe la mwezi uliopita.

Wanyama wenyewe ni wawili tu! Kifaru ni mbwa, mdogo wa umbo, mkubwa wa tumbo. Kiburi ni bata mzinga niliyemlea tangu kifaranga, kwenye sanduku la viatu, kando ya kitanda changu. Wifi humwangalia Kiburi kwa macho ya mtu anayepima sufuria. Nikimwacha siku moja tu, nitarudi nikute manyoya.

Kwa hiyo tunakwenda wote. Tatizo ni sheria ya Mama Magari. Ndani ya kichwa cha lori anakaa dereva na utingo wake wa kumsaidia, basi. Hakuna abiria, hakuna mnyama. Na utingo kila dereva ajitafutie mwenyewe. Mimi sijatafuta. Ila nyuma ya viti kuna kitanda, na kitanda kina pazia. Nimelala nikicheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Tumetoka! Mzigo ni katoni za biskuti. Nilifika kwenye uwanja wa kampuni alfajiri, nikawapitisha wanyama ndani ya blanketi. Kiburi alinidonoa sikio. Nikajikaza.

Getini mlinzi akazunguka lori, akauliza utingo wangu yuko wapi. Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya pazia Kifaru akakoroma. Huyu mbwa hukoroma kama mtu mzima aliyeshiba. Mlinzi akanyanyua nyusi. Nikasema ndiye huyo, kapumzika. Jina? Jina likaniponyoka: Kifaru. Mlinzi akasema kwamba hajawahi kuona utingo anayechoka kabla ya safari. Lakini akaandika, akafungua geti.

Sheria ya geti ni kupiga honi mara mbili. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja kuhusu bata mzinga. Akisikia kelele kubwa, lazima ajibu. Nikapiga honi, na nyuma ya pazia Kiburi akaporomosha kitu kirefu cha gologologolo. Mlinzi akaangua kicheko. Akasema afadhali mimi, nimepata utingo mchangamfu, wa Manukato ana uso kama amemeza msumari.

Nimeendesha kutwa nzima bila kupiga honi. Nimempisha kila mtu barabarani, pamoja na mzee mmoja wa baiskeli aliyenipita, akarudi kuniuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimerudisha lori nyuma kuingia ghalani, kushusha nusu ya katoni. Sitaki kukumbuka, lakini nitaandika. Mlango mwembamba, kulia ukuta, kushoto ukuta, vioo vyote vinanionyesha uso wangu tu. Utingo wa kweli hushuka, akasimama nyuma, akapaza sauti njoo, njoo, simama. Wangu alikuwa amepanda dirishani. Lakini Kifaru ni mwoga wa kuta. Ukuta ulipokaribia akabweka. Ulipokaribia zaidi akabweka haraka haraka. Nikashika breki. Tukaenda hivyo hivyo, mimi na jasho langu, yeye na woga wake, mpaka lori likaingia bila mkwaruzo. Niliruka kwenye kiti kwa furaha!

Mtunza ghala alikuwa upande wa pili wa ukuta, haoni kitu, anasikia tu. Akampigia simu Mama Magari. Sijui nani alimtuma. Akamwambia kwamba yule utingo mpya ana kikohozi kibaya sana, lakini hata kukohoa kwenyewe anakohoa kwa mpango, na lori limeingia kama sabuni.

Baadaye Mama Magari akanipigia. Wakati huohuo basi moja likapita na honi yake, na Kiburi akajibu. Mama Magari akauliza nani anacheka. Nikasema utingo. Akasema anapenda mtu anayecheka na huku kifua kinamuuma. Akaagiza ninunue dawa ya kikohozi kwa gharama za kampuni. Akauliza pia kama huyo Kifaru anajua kuendesha. Hapa nilitaka nionekane mwalimu mwema. Nikasema namfundisha, na anaelewa haraka.

Kuhusu kurudisha lori mimi sikuulizwa kitu. Nani alishika usukani? Nani alikanyaga breki? Nimemnyima Kifaru kipande cha mwisho cha mkate.

Dawa ya kikohozi nimekunywa mwenyewe. Tamu.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo makubwa. Tuliegesha kwenye uwanja wa malori, na kulipopambazuka nikakuta watu wamelizunguka lori langu. Kumbe usiku, mimi nimelala fofofo, kuna mwizi alikuja kufungua turubai. Kifaru akatoka dirishani na kumng'ata kalio. Mwizi alikimbia akipiga mayowe kwamba lori lile lina mtu anayeng'ata! Hakusema mbwa. Alisema mtu. Giza na hofu.

Mimi ninaujua ukweli. Tangu tuondoke, Kifaru anainusa harufu ya zile biskuti na hajapewa hata moja. Alifikiri yule jamaa anakwenda kula kabla yake. Ni uchu tu ule.

Lakini nenda kamwambie Mama Magari. Habari zilimfikia kabla sijapiga mswaki. Alinipigia, sauti imemlegea. Akasema amekuwa kwenye biashara hii tangu ujana, amekuwa na utingo wavivu, walevi, wenye mikono mirefu, lakini hajawahi kupata mtu wa kung'ata mwizi kwa ajili ya mali yake. Karibu alie. Nikamkumbusha kwamba dereva wa lori hilo ni mimi. Akasema ndiyo, ndiyo, mpe simu Kifaru. Nikasema amelala. Akasema mwache mtoto wa watu apumzike.

Manukato naye yuko uwanja huu. Asubuhi yote alikuwa akinizungukazunguka. Akaokota unyoya kwenye kola yangu, akauliza ni wa nini. Nikasema mto umepasuka. Akanusa ule unyoya, akauweka mfukoni. Simpendi!

Mchana nikaenda kuoga. Niliporudi nikamkuta Kifaru analamba mdomo, na juu ya kitanda kuna mfuko mtupu unaonuka nyama ya kukaanga na marashi. Muuza chai akanieleza yote. Manukato alikuja, akauning'iniza mfuko dirishani, akanong'ona kwamba Kifaru akihamia lori lake nyama itakuwa ya kila siku, na kama amekubali apokee. Mfuko ukavutwa ndani. Manukato akaondoka anapiga mluzi.

Nimeongea na Kifaru kwa ukali. Nimemuuliza nani alimwokota jalalani. Ameangalia pembeni.

Ijumaa, 7 Machi

Tumerudi. Mizigo yote imefika salama, lori zima, vioo vyote viwili mahali pake. Nilistahili lori jipya. Nalisema wazi.

Mama Magari alituita ofisini, mimi na Manukato. Manukato akawahi kuongea. Kwanza akautoa unyoya, akasema nafuga kuku ndani ya lori. Mama Magari akamwambia wivu utamuua. Roho yangu ikatulia. Kisha Manukato akasema kwamba Kifaru ameshakubali kuhamia kwake, kapokea nyama. Nikawaka! Nikasema Kifaru ni wangu, nimemlea mimi, nimemfundisha mimi, na nyama hiyo alikula kwa adabu tu. Manukato akasema yeye atampa chumba. Mimi nikasema kwangu analala miguuni pangu. Hapo Mama Magari akanitazama kidogo.

Tulibishana mpaka mlinzi akachungulia. Mama Magari akagonga meza. Akasema ametusikiliza wote wawili, na kwa muda wote huo hakuna aliyejisifia uendeshaji wake, tunagombea mtu mmoja tu. Kwa hiyo imejulikana nani ni nani. Lori jipya anapewa Kifaru. Kampuni itamtafutia leseni. Manukato arudi kwao. Na mimi, kwa kuwa tumezoeana, nitabaki kuwa utingo wake.

Utingo. Wa mbwa wangu.

Nikafungua mdomo kusema ukweli. Ukatoka mwingine. Nikasema asante, mama.

Natamani kulia na ninatamani kumpiga mtu, na mtu mwenyewe ana mkia. Kifaru alinipokea kwa furaha. Nikamwambia hongera, bosi. Sikumaanisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa nyumbani napanga. Mpango wenyewe ni mzuri, nashangaa nilikuwa na huzuni ya nini. Nitavaa kofia na miwani myeusi na kuendesha kama Kifaru. Mama Magari hajawahi kumwona. Mimi mwenyewe, yaani utingo, nitakuwa nimelala nyuma ya pazia. Mishahara miwili! Sauti nitaificha kwa kikohozi.

Nimefanya mazoezi ya kukohoa sebuleni. Wifi amehamisha vikombe.

Jumapili, 9 Machi



Nilikuwa bafuni. Nikasikia sauti ya kuamsha mtaa iko mlangoni. Mama Magari! Amekuja mwenyewe, baada ya ibada, amevaa vizuri, na sare mpya mikononi: shati, kofia, na funguo za lori juu yake. Akamwambia wifi kwamba amekuja kumshukuru Kifaru uso kwa uso na kuiona familia iliyomlea.

Wifi angeweza kunyamaza. Angeweza kuuliza Kifaru yupi. Wifi akasema karibu, mama, Kifaru yuko uani, anaguguna mfupa.

Nilitoka mbio na sabuni masikioni. Nimechelewa. Mama Magari alikuwa amesimama katikati ya ua, Kifaru anamnusa viatu. Akauliza mbona haoni mtu. Wifi, kwa upole wote, akasema Kifaru ndiye huyo. Mama Magari akauliza, na huyo anayecheka je? Maana swali la kwanza aliuliza kwa sauti yake ileile, na Kiburi alikuwa amejibu kutoka juu ya banda. Wifi akamwonyesha na Kiburi.

Hakunifokea. Bora angefoka! Alinitazama mimi, akamtazama Kifaru, akaitazama sare. Kisha akachuchumaa na ile nguo yake nzuri, akamvalisha Kifaru kofia. Ikamkaa. Akasema kazi yote iliyofanyika wiki hii imefanyika kweli. Lori halikukwaruzwa, mwizi aling'atwa. Aliyeifanya hana kosa, hakumdanganya mtu. Anamchukua awe mlinzi wa uwanja, nyama kila siku na banda la bati. Mimi nimefukuzwa.

Nikasema hawezi kuondoka, amenizoea, hali bila mimi. Nikamwita. Nikampigia magoti na sabuni zangu. Kifaru alinilamba shavu mara moja, akaenda kupanda gari la Mama Magari. Kiti cha mbele. Mimi nilimweka nyuma ya pazia wiki nzima, yeye kamweka kiti cha mbele.

Nimelia. Kaka ameshusha gazeti, akanipa leso, akalipandisha tena. Hata wifi amenimiminia chai. Kiburi amelala juu ya miguu yangu, mzito. Leo simsukumi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari kwa kina. Siku tatu nimekaa na makosa yangu, nikayapekua moja moja kama mchele. Na nimeliona. Lilikuwa moja tu: nilimchagua mnyama mwenye bidii! Utingo wa kubuni lazima awe mvivu. Akijituma, utafukuzwa wewe.

Ng'ambo ya barabara kuna kampuni nyingine ya malori. Leo nimekwenda, nimepewa majaribio ya wiki. Meneja ni kijana mpole, haongei sana, nimemwona ni mtu wa kudanganyika bila maumivu. Kwao pia wanyama ni marufuku. Wakaniuliza utingo wangu ni nani. Nikasema anaitwa Kiburi. Mzee mmoja mnene, hapendi kushuka garini, hapendi kazi, hapendi watu. Nimemsema vibaya makusudi, asije akapendwa.

Jioni tumepita ofisini kuchukua karatasi za mzigo. Nikamwacha Kiburi ndani ya lori lao, nyuma ya pazia. Kikao cha madereva kilikuwa kinaendelea palepale uani, watu wanagombania zamu, kelele tupu. Kiburi naye akawajibu kwa nguvu zake zote, na wote wakanyamaza ghafla.

Meneja ameniuliza taratibu kama huyo mzee amewahi kufikiria kuwa msimamizi wa madereva. Nimesema nitamuuliza.