Ratili ya Sukari na Walaji Wake

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Sukari imepanda tena! Nilimwuliza Kerrow, mwenye duka la kona, kama siku hizi anauza lulu. Akanijibu kwa ule upole wake wa kuudhi kwamba yeye hajaongeza hata senti. Akanieleza. Ratili ikitoka kiwandani, serikali imeshakula chake. Njiani lori linalala likingoja kusindikizwa na jeshi, na kulala si bure. Kwenye kizuizi cha askari kuna hongo, ile ya chai. Ikifika Garissa kuna ushuru wa soko. Yeye, masikini, anaambulia makombo. Kumbe! Miaka yote nilidhani nakunywa chai yangu peke yangu, kumbe nimezungukwa na wageni ambao hata hodi hawapigi.

Mimi Diriye nilikuwa karani wa mnada wa ngozi kabla ya vita kuufunga. Bei hainichezei. Nitanunua gunia zima moja kwa moja kwa dereva wa msafara wa malori. Nimruke Kerrow, niliruke soko, niwaruke wote! Naandika haya kwa Kiswahili kwa kuwa lugha yetu ya nyumbani haijafundishwa kuandikwa shuleni, na kwa kuwa mke wangu Rukiyo hasomi Kiswahili. Sababu ya pili ndiyo kubwa.

Jumanne, 4 Oktoba

Msafara umeingia. Dereva mmoja, Kilonzo, alikubali upesi sana. Ishara ya mtu mwaminifu. Pesa nimepata kwa kumwuza mbuzi wa maziwa wa Rukiyo. Nimemwambia mbuzi amechukuliwa na binamu yangu, apelekwe kwa beberu wa maana. Ameichukua kamba ya mbuzi akaitundika ukutani.

Vikwazo vichache. Kilonzo anasema ushuru wa kiwandani umo ndani tayari na hautoki hata nikiipepeta sukari yenyewe. Ya kizuizini nayo imo. Kisha kuna ya utingo, na yake mwenyewe ya kufumba macho. Gunia limelegea shingoni. Eti barabara imeonja. Awil, mwenye mkokoteni wa punda, alikataa pesa, akataka sukari, akajipimia kwa kofia yake. Ana kichwa kikubwa kuliko nilivyowahi kufikiri.

Nimepiga hesabu. Ratili yangu imeishinda ya Kerrow kwa ughali. Lakini kidogo tu! Na mimi nimekuwa mtu wa gunia.

Jumatano, 5 Oktoba

Ya Allah.

Gari la kipaza sauti limepita mtaani. Amri mpya. Nyumba yoyote itakayokutwa na chakula kinachozidi matumizi ya watu wake itahesabiwa kuwa inawalisha mashifta, wale waasi wa porini. Sukari imetajwa kwa jina. Msako utaanza Jumamosi, na utaanza na mtaa wetu.

Jirani yetu Alio alichukuliwa mwezi uliopita kwa magunia mawili ya unga. Hajarudi. Nyumba yake ilivunjwa, yamebaki mafiga matatu, na mkewe anaishi kwa ndugu zake. Nimepita hapo leo. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu, nami nilikuwa nimevaa ndara.

Nimemwambia Rukiyo yote. Hata ya mbuzi. Nilitarajia apige kelele, na kelele ningeziweza. Alikaa chini mlangoni akaanza kuitazama nyumba, ukuta kwa ukuta, kama mtu anayeaga. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa gari lile.

Jioni nilimwomba Kerrow, kwa mafumbo, alichukue gunia liwe kama lake. Aliuliza kama lina karatasi za ushuru. Nikakohoa. Akasema basi hajasikia kitu, na akaniuliza kama nahitaji chumvi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mpango mpya, mzuri mno. Asubuhi nimelizika gunia katika zizi la mbuzi na kutandaza samadi juu. Askari gani atachimbua samadi? Nilinawa, nikanywa chai kwa amani.

Amani iliishia adhuhuri. Siafu hawakuja, walikuja sisimizi, wadogo wale wekundu, mstari mmoja kutoka barabarani, chini ya ua, mpaka kaburini. Nikamwaga majivu. Wakazunguka majivu. Halafu mbuzi! Wamekonda hawa, mvua ya vuli bado, na wote walikuwa wamejipanga mahali pamoja wakilamba ardhi na kupigana vichwa. Mama mkwe wangu Maka haoni vizuri, na hata yeye aliuliza mbuzi wanasherehekea nini.

Tukio baya zaidi: askari wawili wa doria walisimama uani wakawatazama. Mmoja aliuliza mbuzi wana nini. Nilisema ni ugonjwa. Akauliza unaambukiza? Nikasema sana. Wakaenda kwa haraka. Nimelifukua gunia. Limerudi chumbani, linanuka zizi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimepata dawa. Sukari haifichiki, lakini inanyweka! Baada ya sala ya Ijumaa nimetangaza msikitini kwamba nyumbani kwangu leo kuna dua ya mvua, na chai kwa mtaa mzima. Sisi chai yetu ni maziwa na sukari, maji ni ya kusingizia tu. Mtaa mzima ukinywa mpaka jioni, gunia litakwisha na malaika wataandika thawabu juu yake.

Kwanza kibali. Siku hizi mkusanyiko bila kibali ni kosa. Karani alisema kibali ni bure kabisa. Ila ombi la kibali haliendi bila stempu. Stempu zinauzwa. Nikamwuliza bure ni ipi basi. Akasema bure ni muhuri.

Watu wakaja! Kina mama waliazimana birika, masufuria na vikombe kutoka kila nyumba, Maalim Yarow akaomba dua ndefu ya kupendeza, na nilikuwa namimina sukari kwa kata huku nimejaa furaha. Wanywe! Waongezwe! Nilimlazimisha mzee mmoja kikombe cha sita, akalia.

Kisha nikaona mkekani. Katika msukosuko wangu nilisahau desturi niliyokulia ndani yake. Nani katika watu wetu huenda kwenye dua mikono mitupu, tena wakati mgumu namna hii? Kila nyumba ilikuwa imekuja na karatasi iliyosokotwa, na ndani ya kila karatasi, sukari. Wamejinyima, maskini, wakaniletea. Maalim mwenyewe kaleta mbili. Kilichonywewa chote kimerudi, na nyongeza!

Nimeingia ndani nikalala kifudifudi. Rukiyo aliniambia nisitoke, nisiguse kitu na nisifikiri. Nimesikia wanawake wakiosha vyombo na kunong'ona hadi karibu na kafyu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Wamekuja mapema. Koplo mmoja na askari wanne. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia na blanketi limenifunika mpaka shingoni, najifanya mgonjwa. Kwa kweli sikuwa nikijifanya. Nilisikia wakivunja kitu kwa jirani na mtoto akilia, na nilimwona Rukiyo ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

Koplo aliniamuru niinuke. Nikaanza kukiri. Nilishatamka bwana koplo naomba msamaha, ndipo Maka akanichapa mguuni kwa fimbo yake akisema nina homa na napayuka tangu usiku. Askari akalikata gunia kwa kisu. Zikatoka ngozi. Ngozi za zamani za mnada, ngumu, zinanuka! Nilishangaa kuliko askari. Nilikuwa nimezikalia tangu alfajiri sijui.

Nikadhani tumepona. Koplo akafungua kopo la sukari jikoni. Tupu. Akachungulia birika. Akauliza nyumba ya Msomali isiyo na punje ya sukari, na jana tu watu wamekunywa chai hapa hadi jioni, imepeleka wapi nyingine? Porini? Kwa nani? Akaniambia nivae viatu. Nilijua viatu maana yake nini. Alio naye aliambiwa avae viatu.

Rukiyo akajitupa kati yetu. "Bwana koblo, angalia huyu mtu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akinionyesha kwa kidole. "Mbuzi yangu ya maziwa anauza. Besa anamaliza kwa chai ya watu, anataka sifa. Sasa mama mzee anakunywa chai bila sukari. Hii ni mtu ya kulisha shifta? Hata mbuzi yake hawezi kulisha!"

Koplo alinitazama. Blanketi, ngozi, nywele zangu. Alicheka mpaka akajishika ukuta, na askari wake wakacheka. Akasema basi leo shifta huyu atawapa wao chai. Nikatumwa dukani. Kerrow alinipimia ratili moja polepole, kwa bei yake kamili, na serikali yake, na lori lake, na soko lake, akaniuliza kama ninataka kufungiwa.

Jumapili, 9 Oktoba

Sasa najua. Wanawake walipoosha vyombo Ijumaa, kila birika na kila sufuria lilirudi kwao limejaa sukari, kiasi cha nyumba moja, halali kabisa. Rukiyo alipanga, na gunia akalijaza ngozi zangu za uvunguni nisije nikajua. Maka alipima kwa kugusa tu. Nimeuliza itarudi lini. Wamenijibu sadaka hairudi.

Jana askari walipoondoka Rukiyo alilia mpaka pumzi ikamkatika. Sikujua nishike wapi. Nilimshika miguu, nikalia nami. Aliniletea Msahafu, nikaapa mbele ya mama yake kwamba sitanunua tena sukari isipokuwa kwa Kerrow, ratili kwa ratili, maisha yangu yote. Nilimaanisha kila neno.

Leo asubuhi nimemwona Kerrow amekasirika. Mtaa mzima una sukari, hakuna mteja. Amepandisha bei ya majani ya chai! Eti nayo yana ushuru.

Kiapo nimekipitia tena, neno kwa neno. Majani hayakutajwa. Msafara wa Kilonzo unaingia Jumanne.