Bi Fatma Si Mpishi

Jumatatu, 7 Julai 2025. Nachingwea.
Leo nimejitambua! Miaka kumi na moja nashona sketi za shule, kumbe nilipotea njia. Nimejibu maswali ishirini kwenye simu, nikaambiwa haiba yangu ni ya Mshauri: huona vipaji ambavyo wengine hawavioni. Mke wangu Zaina kauliza kama simu imeiona pia suruali ya Mzee Hamidi niliyoshona mguu mmoja mrefu. Wivu.

Jumanne, 8 Julai.
Nimebandika karatasi juu ya cherehani: JUA HAIBA YAKO, UPATE KAZI YAKO. Wa kwanza Abubakary, muuza nyama. Haiba ya huruma. Nimemshauri akafundishe chekechea. Kaniangalia muda mrefu, kisu mkononi. Nikaona ushauri unatosha. Eustakio, fundi wa kibanda cha jirani, kacheka mpaka uzi wake ukakatika. Wateja wangu wawili wamehamia kwake. Waende! Wana haiba ya kuhamahama.

Alhamisi, 10 Julai.
Ushindi! Bi Fatma, mama lishe wa sokoni, kajibu maswali yote huku anakuna nazi. Haiba: Kiongozi! Nimemwambia wazi, kiongozi hapiki, kiongozi huagiza. Kaacha kukuna. Kasema tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Machozi yakamlenga. Mimi pia.

Ijumaa, 11 Julai.
Balaa. Kesho shemeji yangu Raudha, mdogo wake Zaina, anaolewa kwao Mandawa. Na aliyeahidi kupika pilau la watu mia mbili ni nani? Bi Fatma! Kampigia mama mkwe simu kwamba kaacha upishi. Mama mkwe katupigia sisi, kauliza nani kamtia maneno hayo. Nikawa natafuta sindano chini ya meza. Zaina kaongea kwa upole, na upole wake ndio unaotisha: "Baba Zulfa, wageni wasipokula kesho, na wewe usirudi hapa."
Nimekwenda kumpigia Bi Fatma magoti. Kupika, hapana. Kusimamia, atakuja.

Jumamosi, 12 Julai. Mandawa.
Nimepika mimi. Bi Fatma kakaa kwenye kiti cha plastiki, miwani ya jua usoni, anaagiza. Ongeza kuni! Punguza! Nani kakwambia ukoroge? Sufuria la kwanza limeungua, hata kuku wamelikataa. Kwa la pili kawaita shangazi wanne, kila mmoja kampa kazi yake, mimi kanipa moto. Likaiva. Wageni wamekula saa kumi badala ya saa saba, lakini wamekula! Mama mkwe kamsifu Bi Fatma mbele ya watu wote. Mimi kaniuliza nyusi zangu ziko wapi.

Jumatatu, 14 Julai. Nachingwea.
Zaina kanisamehe nusu. Chai napewa, sukari bado. Kaniapisha kwamba sitampima tena haiba mtu yeyote wa Nachingwea. Nimeapa, mkono juu, moyo mweupe.
Ila bwana harusi, Imrani, dereva wa lori la ufuta, yeye ni mtu wa Ruangwa. Wilaya nyingine kabisa! Nimempima kwa simu. Haiba ya rubani, haina ubishi. Mchana huu karudisha funguo za lori kwa tajiri wake. Raudha hajaambiwa. Sasa imebaki ndege tu.