Ghairi Ni Mtoto wa Nani

Jumatatu, 3 Juni
Bahati imebisha hodi! Akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo, huko Kituku kando ya ziwa hapa Goma, wanatafuta programu ya simu ya kuita pikipiki, samaki wafike soko la Birere wakiwa wabichi. Watachagua Jumamosi. Na mwenyekiti wao ni nani? Mama Léoncie! Mama wa Léoncie wangu, mama yule asiyeitika salamu yangu kwa sababu eti sina kazi inayoonekana, mimi Onésime! Nikishinda, nitapokelewa kwao. Nikishindwa, kuna Gauthier. Tulisoma naye. Naye anatengeneza programu, naye anamchekea Léoncie.

Jumanne, 4 Juni
Nimemfuata Gauthier kwa siri mpaka ziwani. Nimecheka. Kutwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anawatazama akina mama wakifanya kazi. Kompyuta hana! Aliponigundua akanieleza kwamba ubunifu huanza na mtumiaji: unamtazama, unachora kwenye karatasi, unamwachia ajaribu, unanyamaza, unarekebisha, unarudia. Akaongeza kuwa mikono yao imelowa, kwa hiyo kitufe kiwe kikubwa. Si wajifute mikono? Vitufe vyangu ni kumi na vinne, vyote vya dhahabu.

Jumatano, 5 Juni
Nimechungulia karatasi za Gauthier. Ameandika "Ita" na "Acha", kama mchunga mbuzi. Mimi nimefungua kamusi. Kitufe cha kukubali nimekiita "Thibitisha", cha kufuta oda "Ghairi". Kiswahili cha kutoa jasho! Mama mkwe atajua amepata msomi.

Alhamisi, 6 Juni
Jaribio. Balaa. Mama Léoncie aliita pikipiki, simu ikamuuliza: Thibitisha au Ghairi? Akabonyeza Ghairi bila kusita. Oda ikafutika. Akaketi kando ya samaki wake, akangoja. Akabonyeza tena. Akangoja tena. Mwishowe akaniuliza kwa upole: "Huyu Gairi ni mutoto wa nani? Niko namuita, niko namuita, hakuye."
Alidhani ni jina la dereva! Thibitisha naye alimdhania mwanamke, na samaki wake hampi mwanamke asiyemjua. Wenzake wote wakafanya vilevile. Gauthier hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Akanishauri nibadilishe neno tu, kazi ya dakika chache. Nibadilishe, mbele ya mama mkwe? Nikawajibu akina mama kwamba Ghairi yuko njiani.

Ijumaa, 7 Juni
Ufumbuzi umenijia nikipiga mswaki. Kitufe hakina kosa, kinachokosekana ni dereva! Nimeazima pikipiki ya binamu yangu Josias. Nimechapisha fulana: GHAIRI. Atakayefuta oda, simu yangu italia nami nitatokea. Goma nzima hakuna mbunifu anayemjali mtumiaji namna hii.

Jumamosi, 8 Juni
Kituku, Birere, Kituku, Birere. Wamenibonyeza wote. Mgongo umekwisha. Mchana wakachagua programu ya Gauthier. Wamesema kitufe chake kinaonekana, ukikigusa kinalia, na ukikosea unarudi nyuma bila kuomba msaada wa mtu. Mambo madogo hayo.
Lakini Mama Léoncie akasoma fulana yangu, akapiga makofi. "Kumbe Gairi ni weye! Mbona ulikuwa unajificha?" Akasema kijana anayeitika namna hii lazima Papa, baba yake Léoncie, amuone. Kesho nimealikwa kwao! Gauthier abaki na programu yake.

Jumapili, 9 Juni
Nilivaa koti. Wajomba walikuwa wamejaa sebuleni. Mama Léoncie akanitambulisha kwa fahari: huyu ndiye Gairi, anataka kumuoa binti yetu. Kumbe Papa alifanya biashara Kigoma miaka mingi, neno analijua. Akaniuliza kama kweli hilo ndilo jina langu. Léoncie alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini ningemwaibishaje mama mkwe mbele ya wajomba? Nikasema ndilo. Papa akasema yeye huheshimu jina la mtu. Akasimama, akanishika mkono, akatangaza kwamba na yeye basi ameghairi. Wajomba wakala wali peke yao.
Nimelia kidogo njiani. Halafu, nikiwa hapa Birere, wazo! Kumbe kinachohitajika ni programu ya posa. Vitufe ishirini na viwili, vya fedha safari hii. Neno "Ghairi" nimeliondoa kabisa, nimekubali ushauri. Kitufe cha baba mkwe nimekiandika "Tengua". Neno tamu sana. Sina haja ya kumwonyesha mtu.