Dirisha la Rangi Upande wa Kushoto

Kwa Bi. Prudence Holroyd,
Afisa wa Majengo ya Kale, Halmashauri ya Wilaya

Ndugu Afisa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, kikombe cha chai mkononi. Sisi hatujambo, isipokuwa dirisha.

Unalijua: lile la ghorofani, kushoto, ambalo si dirisha. Ni vioo kumi na viwili vilivyochorwa kwa rangi nyeusi juu ya jiwe, tangu enzi za wale wafalme wa Uingereza walioitwa George, ili kushoto kulingane na kulia. Mara tatu nimeomba kulitoboa liwe dirisha la kweli. Mara tatu umenijibu, kwa adabu kubwa, kwamba ukuta huo ni urithi wa taifa. Nalalamika hivi:

1. Clive, muosha madirisha, hulisugua kila mwezi. Juzi alishuka ngazi akitikisa kichwa: "Bosi, kioo chenu hiki kikaidi! Nasugua weee, sijioni!" Sina moyo wa kumwambia. Huu ni mwaka wa tisa.

2. Chumba kilicho nyuma ya ukuta huo ndipo mke wangu Hester anaposhonea. Kuna giza kiasi kwamba suruali niliyovaa sasa ina mguu mmoja wa kaki na mmoja wa bluu. Nimeambiwa imenipendeza.

3. Hester ametangaza: "Barnaby, nimechoka kushonea pangoni. Nisipopata mwanga kufikia Pasaka, nahamia kwa dada. Wewe baki na mawe yako!" Ndugu Afisa, mimi hata yai huniungulia, tena la kuchemsha.

4. Akiondoka, ulinganifu mnaoulinda utavunjika: mimi kulia mwa meko, kushoto kiti kitupu. Basi kama kutoboa hakuwezekani, Halmashauri ilete fundi amchore Hester ukutani, kushoto, amenuna kidogo. Nitamsalimu kila asubuhi. Clive atamsugua.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule bwana wa mitaro aliyeangukia mawaridi yetu. Mwambie yamepona.

Wako mtiifu, kutoka gizani,
Barnaby Thackwray

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Hester amegonga ukuta ule kwa nyundo, akasikiliza, akacheka hadi akakaa chini. "Mzee mzima hujui nyumba yako! Humu mna dohani, njia ya moshi wa meko. Ungetoboa, tungekaushwa kwa moshi kama samaki!" Haendi tena kwa dada. Amehamishia cherehani kwenye chumba changu cha kusomea, chenye madirisha mawili ya kweli, na haya nayaandikia ngazini. Tafadhali msitoboe chochote. Nauliza tu: ile sheria ya kutokuondoa vitu vya kale mahali pake, mimi hainihusu?