Vita vya Ochuoga Kaloleni

Sogeeni karibu, enyi mnaoanua nguo na enyi mnaochambua maharagwe kibarazani. Wekeni chini ungo na kapu, kwani haya yalitendeka Kaloleni ya Kisumu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wenye akili timamu.

Kati ya mlango wa Debra, fundi cherehani asiyejua kushindwa, na mlango wa Wasike, bwana wa pikipiki nyekundu, palikuwa na himaya ya hatua mbili kwa moja. Debra aliitaka apande ochuoga, kichaka cha miiba kilichozunguka boma la nyanya yake kule Bondo, chenye maua meupe ya kunukia na matunda meusi yaliyompaka midomo utotoni. Wasike aliitaka aegeshe pikipiki. Wakabishana siku tatu, hata majirani wakachoka, wakatoa hukumu: ochuoga ukichanua kabla ya wiki nane kwisha, ardhi ni ya Debra, usipochanua, saruji itamwagwa.

"Mama Byron," Wasike akamwambia Debra, mkono juu ya usukani, "umechagua chakula cha mbuzi kipigane na mashine. Mimi saruji nimeshaagiza."

Debra akafunga safari hadi Kisian, kwa Benta, malkia wa miche ya kando ya barabara. Benta akamweleza kwamba mbegu hupandwa mbichi, mara tunda liivapo, kisha mtu husubiri miaka. Kwa vita vya wiki nane alihitaji shujaa aliyekwisha kukomaa. Akamtolea mche wa miaka minne ndani ya mkebe wa rangi. Benta alipofika kwenye habari za maji, Debra alikuwa amekwisha kuvuka barabara na mkebe wake kichwani.

Akaulea kama alivyolea sukuma wiki. Akaupa samadi tele, akaunywesha asubuhi na jioni, na kwa heshima iliyopita zote, akaumwagia maji aliyooshea omena. Wiki ya pili majani yakawa manjano. Wiki ya tatu wakaja paka, jeshi kwa jeshi, wakiongozwa na jemadari wa sikio moja, wakafukua kutafuta samaki waliowanusa. Debra akapigana kwa mwiko, akapigana kwa ndara. Hata alfajiri moja akaukuta mche umelala ubavu, mizizi juu.

"Pole," akasema Wasike kutoka mlangoni. "Tumzike chini ya saruji?"

Debra akaufunga mche kwa leso, akarudi Kisian.

"Nyathina, mwanangu," akanena Benta, akiipapasa mizizi, "umemlea kama mgeni, ilhali huyu ni mwenyeji. Amezaliwa kwenye mawe na jua. Mpe kokoto, mwinulie tuta maji yasisimame, mnyweshe mara moja kwa wiki, kisha umwache. Na hiyo omena, kula wewe."

Ndivyo alivyofanya. Akauzungushia mche matawi ya miiba. Paka wakaja, wakachomwa, wakarudi makwao wakilamba nyayo. Lakini vita vikali vilikuwa dhidi ya mkono wake mwenyewe, ulioamka kila asubuhi ukaliendea jagi. Debra akauketisha mkono huo kwenye cherehani, akashona sare za kwaya nzima ili usipate nafasi.

Siku ya mwisho ya wiki ya nane, Debra alichungulia dirishani, akamwona Wasike anatua mfuko wa saruji. Wasike akasita. Akanusa. Akapiga magoti mbele ya ochuoga, akanyoosha kidole kati ya miiba, na hapo kwenye ncha ya kidole palikuwa na ua, dogo kama kifungo cha shati. Hakuna mwingine aliyekuwa nje. Kulikwanyua kungemchukua muda wa kupiga chafya. Debra akaushika ukingo wa dirisha.

"Mama Byron," akaita Wasike, bado kapiga magoti. "Toka nje uone. Umechanua."

Kisha akausukuma mfuko wake kando, akauliza kwa sauti ya chini kama tawi likikatwa likapandwa huota, kwani upande wa nyuma wa nyumba yake pia kuna jua.

Basi na iandikwe: Jumamosi hiyo, saa moja na nusu asubuhi, ua moja la petali tano lilitwaa hatua mbili za Kaloleni bila tone la damu, isipokuwa ya kidole cha Wasike, na kufikia saa nne nyuki wa kwanza alikwisha kutua kula kiapo cha utii.